Ndege Nyuki Katika Ukungu wa Kamachumu

Anayepanda Kamachumu kutoka Muhutwe huliacha joto la ziwani nyuma yake, na asubuhi nyingi huingia moja kwa moja katika ukungu. Wenyeji hawaushangai. Sisi wa kamati ya msikiti tuliufuata kwa sababu maalumu: tulitakiwa kuamua kama ikodiwe ndege nyuki ya kunyunyizia dawa kibanja cha wakfu, ambacho mapato yake husomesha mayatima. Na fedha ya wakfu haibahatishwi.

Warushaji hupenda asubuhi, upepo ukiwa umelala, ili matone yasipeperuke. Kanuni hiyo hufaa mahali pengi. Huku inakutana na Ziwa Viktoria. Usiku maji huwa na joto kuliko nchi kavu, mawingu ya radi hujengeka juu ya ziwa, na pepo za mashariki huyasukuma upande wetu. Ndiyo maana mvua ya Bukoba na Muleba hupenda kunyesha usiku hadi asubuhi. Jua likipanda, upepo wa ziwani nao huamka. Katikati hubaki saa chache, na jani linalodondosha maji halishiki dawa.

Isitoshe, mibuni yetu imekaa chini ya migomba. Dawa ya kutoka juu huupata mgomba kwanza, na upepo ukivuma, humpata jirani mwenye mizinga. Rweya ni wazi zaidi, lakini huko upepo hauna kizuizi.

Hatusemi haiwezekani. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa za wagonjwa kisiwani Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Lakini ni ziwa hilihili ambamo, tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya abiria ilitumbukia karibu na uwanja wa Bukoba, wakafariki watu 19, Allah awarehemu. Tangu hapo hatumcheki rubani anayeahirisha safari.

Tukaamua ije kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ianze kwa kupiga picha za kutafuta migomba yenye mnyauko, ugonjwa usio na dawa ya kunyunyiza. Kunyunyiza kukifuata, malipo yawe kwa ekari, si kwa siku, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kionekane kwanza. Mzee mmoja akataka iandikwe pia nani ataamua kwamba upepo umezidi. Tuliandika: mrushaji, pamoja na mwenye mizinga.