Mkono Mmoja Ubaki Mtupu

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwetu sisi tuliopungukiwa nuru ya macho, mkono mtupu ndio unaotufikisha salama. Presha ya macho imenipokonya uoni wa pembeni, na mkono wangu wa kulia sasa ni wa fimbo nyeupe. Umebaki wa kushoto: wa kushika ukingo wa ngazi, wa kushika bega la mwenzangu, wa kutoa nauli. Nikiupa begi, nimeupoteza.

Kwa hiyo nisafiripo kutoka Mwanza hubeba begi moja tu la mgongoni. Ndani yake mna mashati mawili na suruali moja, vya rangi zinazopatana zote, ili nisihitaji jicho la mtu kunichagulia. Matone ya macho hukaa mfuko wa mbele, chaja mfuko wa kushoto, kitambulisho na fedha kifuani. Kila kitu kina mahali pake, nacho hurudi hapo hapo kabla sijagusa kingine. Vitabu na mihadhara yangu vimo katika simu inayonisomea kwa sauti. Mashine ya nukta nundu ya Perkins, yenye uzito unaokaribia kilo 5, hubaki nyumbani. Kibao kidogo na kalamu yake vinatosha.

Ugumu huanza pale mila inapodai sehemu yake. Huwezi kwenda Ukerewe kumsalimu shangazi bila sukari na majani ya chai. Hivyo huvinunua nikishafika Nansio. Kurudi ndiko kugumu, kwa maana kisiwa kile kina machungwa, na shangazi ana gunia. Nilipoomba manne tu, alinijibu: "Mwanangu, machungwa manne ni ya kumpelekea mgonjwa." Tukapatana: manne yakaingia begini, gunia likasafiri na jirani aliyekuwa akivuka siku ya pili. Kukataa mzigo bila kukataa upendo ni elimu inayojitegemea.

Lakini, ndugu msomaji, wepesi wa begi una kikomo. Siku moja katika kituo cha mabasi, utingo mwenye nia njema alinipokea begi, akanipokea na fimbo, akavifungia vyote kwenye buti. Nilisafirishwa kama kifurushi. Basi liliposimama njiani ili abiria wachimbe dawa, wenzangu walishuka. Mimi nilibaki kitini. Tangu siku hiyo fimbo yangu ni ya kukunja, nayo haikai mbali na goti langu.

Kinachomlemea msafiri asiyeona mara nyingi hakimo begini mwake. Hadi Juni 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Geita kwa njia ya Kigongo alilazimika kuvuka kwa kivuko: abiria tulishuka, tukatembea katikati ya msongamano wa watu, mizigo na magari. Leo Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, linatuvusha tukiwa tumeketi. Hakuna shati ambalo ningeliacha nyumbani likanipunguzia mzigo kiasi hicho.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 20 ya mkataba huo inahusu hasa uwezo wa mtu kwenda atakako kwa kujitegemea kadiri iwezekanavyo. Sehemu kubwa ya haki hiyo haihitaji daraja wala mabilioni: tangazo la sauti kwamba meli iko gati gani, ukingo wa ngazi usiokatika katikati, mtumishi anayeuliza "nikusaidieje?" kabla ya kumshika mtu mkono.

Mimi nimekwisha kupunguza mashati. Zamu iliyobaki ni ya wanaopanga bandari na vituo vyetu.