Mama Aliniagiza Kitu cha Mikono, Nikakitafuta Mashambani mwa Ireland

Kama umewahi kupanda ndege kwenda ng'ambo, unajua kwamba safari haianzi uwanja wa ndege. Huanzia katika orodha. Shangazi anataka mkoba, mpwa anataka viatu vya mpira, na jirani ambaye hujamwona tangu Krismasi anakupigia simu usiku kukujulisha ukubwa wa mguu wake.

Mwezi Juni 2023 nilipojiandaa kwenda Ireland kumtembelea binamu yangu, muuguzi katika mji wa Galway, orodha yangu ilijaa kurasa mbili. Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa na ombi fupi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake huko nyumbani Machakos, akisokota nyuzi za mkonge pajani kama alivyofanya tangu nilipoanza kuwa na akili. Alisema bila kuinua macho: "Mimi niletee kitu kidogo tu, lakini kiwe kimefanywa na mikono ya mtu wa huko."

Nikacheka. Niliona hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Kumbe!

Kofia za kijani na lebo ya uongo

Ireland ni nchi ya kijani kibichi, mvua za rasharasha na kondoo wasiohesabika. Mtalii aendaye mashambani, hasa upande wa magharibi, hukuta kila mji mdogo una maduka ya kumbukumbu. Humo mna kofia za kijani, vikombe vyenye picha ya jani la majani matatu, vibete vya plastiki wenye ndevu nyekundu, na marundo ya masweta meupe.

Katika duka mojawapo nililipia sweta euro 40, nikatoka nikijipongeza. Jioni binamu yangu aliishika, akaigeuza ndani nje, akasoma lebo na kuangua kicheko. Maandishi makubwa yalisema imebuniwa Ireland. Maandishi madogo, ya kusomwa kwa miwani, yalitaja nchi ya mbali ambako ilitengenezwa na mashine.

"Kubuni si kutengeneza," aliniambia. "Soma lebo yote kabla hujafungua pochi."

Tangu hapo nikajifunza lugha ya lebo, nami nakupa bure ili usije ukalizwa kama mimi. Ikisema imebuniwa Ireland, maana yake ni kwamba mchoro ndio wa huko. Ikisema imemaliziwa kwa mkono, huenda mkono uliguswa mwisho tu, kutia vifungo. Ikisema imefumwa kwa mtambo wa mkono, ni mashine inayoendeshwa na mtu, kazi ya haki lakini ya haraka kuliko sindano. Iliyofumwa kwa sindano mbili na mtu aliyeketi kitako ndiyo ghali, na kwa kawaida bei yake inavuka euro 200.

Hadithi ya sweta ya Aran

Sweta hizo nyeupe zenye mistari kama kamba zilizosokotwa hujulikana kwa jina la visiwa vya Aran, vitatu kwa idadi, ambavyo vimekaa baharini mkabala na Galway. Nilivuka kwa feri kutoka Rossaveel hadi kisiwa kikubwa, Inis Mór, safari ya dakika kama 40. Ukishuka gatini Kilronan unalakiwa na magari ya farasi, baiskeli za kukodi, na maduka ya sweta.

Utaambiwa kwamba kila familia ya visiwani ilikuwa na mshono wake tangu zama za kale, ili mvuvi akizama na bahari ikamtapika siku nyingi baadaye, watu wa nyumbani wamtambue kwa sweta. Ni hadithi ya kutoa machozi, nami nilitoa. Lakini wataalamu wa historia ya nguo wanasema si kweli. Inadhaniwa kuwa imetokana na tamthilia ya J.M. Synge iitwayo Riders to the Sea, ya mwaka wa 1904, ambamo maiti ya kijana anatambuliwa kwa soksi, wala si kwa sweta, na si kwa mshono wa ukoo bali kwa hesabu ya vitanzi ambavyo dada yake alikumbuka kuvifuma.

Ukweli ni kwamba ufumaji wa aina hii hauna umri mkubwa. Mwaka wa 1891 serikali iliunda bodi ya kuinua wilaya maskini za magharibi, na miongoni mwa mambo yaliyohimizwa ni uvuvi na kazi za mikono. Wanawake wa visiwani walijifunza, wakaiga, wakaongeza yao, wakauza. Walikuwa wanatafutia watoto chakula.

Je, jambo hilo linaipunguzia sweta thamani? Mimi nilikumbuka Wamunyu, kwetu Machakos. Watalii wengi wanaonunua vinyago vya mbao vya Wakamba hudhani ni sanaa ya tangu na tangu. Lakini biashara hiyo ilianzishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi kwao na ujuzi. Kazi haihitaji kuwa na miaka elfu ndipo iwe ya kweli. Yatosha kuwa na mtu aliyeifanya na tumbo lililoshibishwa nayo.

Mtawa aliyeuona mto

Ukisafiri mashambani mwa Ireland kwa ajili ya kununua vitu, utagundua kwamba nyuma ya vingi vya vitu hivyo kuna njaa. Kati ya mwaka wa 1845 na 1849 ugonjwa uliharibu viazi, chakula cha maskini, na watu wapatao milioni moja wakafa. Wengine kama milioni moja walihama. Katika miaka hiyohiyo watawa wa Youghal walianza kufundisha wasichana kufuma lesi, na huko Clones, mwaka wa 1847, mke wa kasisi akaanzisha kazi kama hiyo. Lesi za Clones zingali zinafumwa na kuuzwa.

Huko Foxford, katika jimbo la Mayo, nilionyeshwa kiwanda cha blanketi na skafu kilichoanzishwa mwaka wa 1892 na mtawa, Mother Agnes Morrogh-Bernard. Aliona watu wana njaa ilhali mto Moy unapita kwa nguvu mbele ya macho yao bila kazi. Hakuwa na ujuzi wowote wa viwanda. Aliomba ushauri kwa mwenye kiwanda wa Tyrone, mtu wa dhehebu la Kiprotestanti, wakati ambapo madhehebu hayo mawili hayakuwa yakipikika chungu kimoja. Akasaidiwa. Kiwanda kilipatwa na misukosuko, hata kikaangukia mikononi mwa mfilisi mwaka wa 1987, lakini kikafufuliwa, na leo mgeni anaweza kutazama mitambo ikifanya kazi kabla ya kuingia dukani.

Viko na vingine. Katika kijiji cha Avoca, jimbo la Wicklow, kuna kiwanda cha kufumia ambacho historia yake inaanzia mwaka wa 1723. Huko Blarney, karibu na Cork, kiwanda cha sufu kilifungwa mwaka wa 1973, kisha kikanunuliwa na Christy Kelleher, mtu aliyewahi kuwa kibarua mlemle ndani, akakigeuza kuwa duka kubwa la watalii. Nako Kilkenny, mwaka wa 1963, serikali iligeuza mazizi ya farasi ya kasri la mji kuwa karakana za wabunifu, ikaleta mafundi kutoka nje wawafunze wenyeji. Karakana hizo zilifungwa mwaka wa 1988, lakini mbegu ilikuwa imeshika. Hadi leo jimbo hilo limejaa wafinyanzi na wahunzi wa fedha, na kijijini Bennettsbridge kuna kinu cha zamani kando ya mto Nore kilichogeuzwa kuwa karakana ya vyungu na vikombe.

Swali lililonifunga kinywa

Basi nikarudi kwenye kile kilichonipeleka. Siku mbili kabla ya kuondoka, binamu yangu alinipeleka kwa bibi mmoja mzee, mjane, ambaye hufuma kwake nyumbani na kuuza vitu vichache dirishani. Alitukaribisha jikoni, akatutilia chai. Chai yenyewe ilikuwa nzito, nyekundu, ya kutiwa maziwa mengi. Nilipotazama pakiti nikaona Kenya imetajwa miongoni mwa nchi yalikotoka majani. Watu wa Ireland ni mabingwa wa kunywa chai, na sehemu kubwa ya chai yao hutoka kwetu. Ilinipa fahari, halafu ikaniacha na wazo: pakiti ilitaja nchi, lakini yule mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani yale hakutajwa popote.

Nikaona sweta. Nikauliza bei, nikaambiwa euro 260. Nami, kama Mkenya halisi, nikaanza kupatana: "Mama, hutanipunguzia kidogo?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akanyosha mikono yake juu ya meza. Vidole vilikuwa vimepinda kwenye viungo. Akasema sweta ile ilimla wiki tano za jioni. Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi na mama yangu anafanya kazi gani.

Nikamweleza habari za kiondo, jinsi mkonge unavyosokotwa, jinsi rangi zinavyopangwa. Uso wake ukachangamka. Alitaka kujua kitako cha kiondo kinaanzwaje. Halafu akauliza swali dogo kabisa.

"Na mama yako hulipwa kiasi gani kwa kimoja?"

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Vyondo ndivyo vilivyonilipia karo ya chuo cha uandishi wa habari. Nimeandika makala kuhusu bei ya unga, bei ya mafuta na bei ya nyumba. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kumwuliza mama yangu bei ya kiondo chake. Nilinyamaza, nikanywa chai ya Kenya katika jikoni la watu nikiona haya.

Pesa za sweta sikuwa nazo. Nilinunua kofia ya sufu kwa euro 35, bila kuomba nipunguziwe hata senti. Ndani yake alishona kipande cha kitambaa chenye jina lake, kwa wino wa mkono.

Kofia nyumbani

Nilipompa mama kofia ile, hakuivaa. Aliigeuza ndani nje kwanza, akafuatisha nyuzi kwa kidole, akatafuta mahali zilipofungwa. Akainusa, maana sufu ile bado ilikuwa na harufu ya kondoo. "Huyu anajua kazi," akasema. Akaniuliza bei. Nilipombadilishia kwa shilingi alikaa kimya, akaitazama upya.

Ndipo nami nikauliza. "Mwaitu, wewe hulipwa ngapi kwa kiondo?"

Akanijibu: shilingi 450, kutoka kwa broka anayepita na pikapu kila mwisho wa mwezi. Hulipwa baada ya siku kumi na nne za kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona kiondo cha aina ileile katika duka la watalii Nairobi kikiuzwa shilingi 2,800, nikapita zangu.

Sikusema mengi. Nilimnunulia utepe mweupe na kalamu ya wino usiofutika. Siku hizi kila kiondo chake kina kijitambaa ndani ya mdomo chenye jina lake na jina la kijiji. Broka alipokiona alimwambia akitoe, eti wateja hawapendi. Mama akamwuliza ni wateja gani hao, na wako wapi, awaulize mwenyewe. Broka alipanda gari lake. Mwezi uliofuata hakuja, na mama akakaa na vyondo vinne ndani ya nyumba. Mwezi wa tatu akarudi, akatoa shilingi 600 kwa kila kimoja na vijitambaa vyake humohumo. Si nyingi. Lakini kwa mara ya kwanza bei ilitajwa na mama.

Kwa hivyo, msomaji mpendwa, siku ikikujalia ufike Ireland, usiishie kwenye kofia za kijani. Fika karakanani, tazama mikono. Weka risiti zako, kwani mgeni asiyeishi katika nchi za Umoja wa Ulaya huweza kurudishiwa kodi ya vitu anavyoondoka navyo. Ukivuka mpaka kwenda Belleek kutazama vyombo vya kaure vinavyofinyangwa huko, kumbuka umeingia Ireland ya Kaskazini, na pesa za huko ni pauni.

Na kama hutafika, hakuna neno. Mwendee mama yako, au shangazi, au yule mama anayeketi na vyondo vyake kando ya barabara unapotoka kanisani leo. Kabla hujamwomba akupunguzie, mwulize kimemchukua siku ngapi.