Mshale Ulipopanda Kona Baridi

Iwapo umewahi kurudi Nairobi kutoka Magadi, basi unaujua mlima wa kufikia Kona Baridi. Magadi ipo takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kona Baridi inakaribia mita 2,000. Gari hupanda tu, na ukishafika juu, upepo wa Ngong hukupokea kwa baridi ya ajabu.

Jumapili moja ya Agosti 2023, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa nikirejea na mama watoto na watoto wetu wanne kutoka kwenye chemchemi za maji moto za Magadi. Gari letu ni la viti vinane, la mtumba kutoka Japani, na injini yake imejificha chini ya viti vya mbele. Mambo yakiharibika, dereva ndiye wa kwanza kuhisi joto.

Tulipopita Oltepesi, mshale wa kipimo cha joto uliacha mahali pake pa katikati.

"Baba Brian, simamisha gari," mke wangu akasema.

Nikamjibu kwamba Kona Baridi haikuwa mbali, na upepo wa huko ungeipoza injini. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nyuma yetu kulikuwa na watu tuliokuwa nao Magadi, nami sikutaka wanipite nikiwa nimeinua kiti nachungulia injini. Nikaendelea. Injini ilizima yenyewe tukikaribia kileleni, mvuke ukitoka chini yetu. Nilipoushika mfuniko wa rejeta, dereva wa lori alinivuta mkono. Maji yaliyobanwa humo huwa na joto lipitalo lile la maji yachemkayo sufuriani, na yangeniunguza uso.

Watoto walitetemeka kwa baridi hadi tulipopata matatu.

Kesho yake gari lilivutwa hadi Kiserian. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yamepenya na gasketi ya silinda hedi imeungua. Chanzo? Mpira wa rejeta uliopasuka. Tena akagundua kuwa thamostati haikuwapo. Fundi wa awali aliitoa akidai ni ya nchi za baridi, akajaza maji ya mfereji, nami nikamshukuru kwa kunipunguzia gharama! Kumbe katika injini kama yetu, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato, ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Isipokuwapo, sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa. Nayo maji matupu, bila dawa ya kuzuia kutu, yalikuwa yameila rejeta kwa ndani.

Mpira ulikuwa shilingi 900. Lakini hedi ilikuwa imepinda, ikabidi ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa kwa 4,000. Seti ya gasketi 7,500, rejeta ya mtumba 9,500, oili na chujio 4,800, kuvuta gari 6,000, na ufundi 15,000. Jumla 47,700, thamostati nikapewa bure kwa huruma. Fedha hizo zilitoka katika bahasha ya karo ya Brian.

Kabla ya kuanza kazi, fundi aliniuliza, "Mzee, mshale ulipopanda, ulisimama ama uliendelea?"

"Nilisimama," nikasema.

Mke wangu alikuwa kando yangu. Alinitazama, kisha akageuka kutazama barabara. Fundi naye hakubisha. Alikigeuza kile kijiti mkononi, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake.

Brian alichelewa kurudi shuleni kwa siku tisa. Barua ya kumwombea radhi kwa mwalimu mkuu niliiandika mimi mwenyewe, usiku, mezani. Niliandika kwamba gari liliharibika njiani ghafla. Mke wangu aliisoma, akanirudishia kalamu, akaweka kidole juu ya neno la mwisho. Nikalifuta.