Soseji Zilizotutia Shaka

Ramadhani iliyopita, binti yetu aliye kidato cha pili alituomba ruhusa ya kuandaa futari. Nyumbani kwetu Kirumba, jijini Mwanza, futari ni uji, viazi vitamu na samaki wa ziwani. Yeye alitaka kupika biskuti za chumvi zenye soseji na mboga, kwa namna ya Wamarekani, ambao huita biskuti kile kimkate laini kinachoumuka kwa bekingi pauda badala ya hamira. Soseji alizinunua kwa akiba yake mwenyewe.

Tuliigeuza pakiti ile huku na huku. Haikuwa na alama yoyote ya uchinjaji wa halali, wala haikueleza ngozi ya soseji imetokana na nini. Ngozi hiyo yaweza kuwa utumbo wa kondoo, wa ng'ombe au wa nguruwe, hata kama nyama ya ndani ni ya ng'ombe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuliacha lenye shaka, nasi tuliliacha, hapo hatukukosea. Tulikosea katika ulimi. Tulimkemea mbele ya wadogo zake, kana kwamba ameleta haramu nyumbani kwa makusudi. Akaingia chumbani kimya.

Baada ya Swala ya Alasiri tulitazamana, mume na mke, tukaona haya. Mtoto aliyefunga alitaka kutufuturisha, nasi tumemlipa fedheha. Baba akaenda kwa mwenye bucha tunayemjua, akaleta nusu kilo ya nyama ya kusaga. Mama akabisha mlango: "Mwanangu, tusamehe. Njoo utufundishe."

Alifuta machozi, akatufundisha kweli. Tulichanganya nyama na kitunguu saumu, pilipili manga, binzari nyembamba na chumvi, tukaifinyanga mithili ya vidole, bila ngozi, tukaikaanga. Yeye alichekecha vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda na nusu kijiko cha chumvi, akasugulia humo vijiko 4 vya siagi hadi unga ukawa chengachenga. Akatia karoti iliyokwaruzwa, pilipili hoho na majani ya kitunguu, kisha maziwa kidogo kidogo, yapata robo tatu ya kikombe.

"Mama, usiukande kama wa chapati," alionya, "zitakuwa ngumu."

Tulikata viduara, tukabandika kipande cha nyama juu ya kila kimoja, tukavipanga katika sufuria iliyopakwa mafuta: moto mdogo chini, makaa mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 hivi zilikuwa zimeumuka na kuiva. Kwa kuwa sote tulifunga, chumvi tuliikadiria kwa jicho.

Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, tulifungua kwa tende na maji, kisha tukazionja. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Hakuna aliyelisema hilo ila mpishi mwenyewe, akicheka.

Siku ya pili tuliirudisha pakiti dukani pamoja naye. Yeye ndiye aliyemuuliza mwenye duka, kwa adabu, nyama ile imechinjwa wapi na nani. Ndugu wazazi, tuendelee kukagua kinachoingia vyunguni mwetu. Lakini kabla ya kumkemea mtoto, tumuulize kwanza alikusudia nini.