Eti Jazz Tarime? Ndiyo, na Mmoja wa Wafalme Wake Katokea Huku Huku

Nikisema napenda jazz, watu wa mjini wananiwazia nimekaa hotelini, taa hafifu, glasi mkononi, na mzee mwenye kofia anapuliza saksafoni. Shosti wangu mmoja wa Dar aliniuliza kwa upole kabisa: "Sasa wewe huko Tarime jazz unaisikilizia wapi?"

Naisikilizia kwenye spika ndogo ya steshenari ninayofanyia kazi, nikitoa kopi za vyeti. Naisikilizia kwenye basi la Mugumu. Na kila Jumamosi jioni naisikilizia Sirari, kwenye kibanda cha fundi redio, hatua chache kabla hujaingia Kenya. Hiyo ya Sirari ndiyo iliyonifanya niandike, lakini twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Huku kwetu jazz lilikuwa jina la bendi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baada yake zikaja nyingi mpaka unachanganyikiwa: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, halafu Nuta Jazz ya mwaka 1964, ile ambayo baadaye ikaja kuwa Msondo Ngoma. Kule Kongo, Franco na wenzake walikuwa na OK Jazz tangu 1956. Ukiweka hizo bendi usitegemee kumsikia Louis Armstrong. Utasikia magitaa, rumba iliyotufikia kutoka Cuba kwa njia ya santuri, na sauti za watu wanaolalamika mapenzi kwa heshima. Kuitwa jazz kulimaanisha hawa jamaa ni wa kisasa, wana vyombo, waiteni kwenye dansi.

Mara nayo haikulala. Musoma kulikuwa na Mara Jazz. Na kulikuwa na Shirati Jazz, hao sasa ndio ugonjwa wangu.

Mwenye Shirati Jazz ni Daniel Owino Misiani. Amezaliwa 1940 kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati. Leo Shirati ni wilaya ya Rorya, lakini Rorya imemegwa kutoka Tarime mwaka 2007, kwa hiyo kwa watu wa umri wa baba yangu huyo alikuwa mtu wa Tarime kabisa. Miaka ya 1960 akavuka kwenda Kenya kutafuta studio na soko, akabadilisha jina la bendi mara kadhaa, mwisho akaipa jina la nyumbani. Watu wa Kenya wanamwita mfalme wa benga. Aliimba kwa Kijaluo, na siasa aliipitisha kwenye mafumbo ya wanyama, mambo ambayo wakubwa hawakuyapenda. Alikamatwa huko zaidi ya mara moja na kurudishwa Tanzania kwa vile hakuwa raia wao. Alifariki Mei 2006 kwa ajali ya gari Kisumu.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mimi ni Mkurya. Kijaluo najua salamu na bei ya samaki.

Baba yangu naye alikuwa Mkurya, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Alipofariki 2019, ndugu waligawana vitu kama kawaida: ng'ombe, baiskeli, kabati, koti la suti. Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la viatu lenye kanda 41. Kaka yangu akasema hizo zichomwe na majani ya uani. Nikasema nipeni mimi. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyezitaka. Karibu zote zilikuwa benga, na kwenye karatasi za ndani baba alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko ule ule wa kwenye madaftari ya wanafunzi, tarehe aliyonunua na bei.

Kwa msiojua huku kwetu: Wakurya na Wajaluo ni majirani wa siku nyingi na wamegombana siku nyingi. Wizi wa mifugo, mipaka ya mashamba, nyumba kuchomwa. Siyo hadithi za kale, wapo watu wa umri wangu wanaokumbuka kulala porini. Kwa hiyo mwalimu wa Kikurya kukaa na boksi zima la nyimbo za Kijaluo chini ya kitanda, miaka yote hiyo, bila kutuambia zinasema nini, ni jambo lililonikosesha usingizi.

Nikaanza kutafuta mtu wa kuzicheza. Radio kaseti nzima Tarime utatafuta mpaka soli ya kiatu iishe. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Sirari, fundi redio, Mjaluo, umri wake sabini na kitu. Nikamwamkia, nikamwonyesha boksi. Akachukua kanda moja, akainusa. Kweli, aliinusa! Akasema, "Hii imeingia unyevu. Usiiweke kwenye mashine mpaka nikwambie, binti yangu."

Tangu siku hiyo nina elimu ambayo hakuna chuo kinaitoa. Kanda iliyokaa sana inagandana, ukiilazimisha kuzunguka inakatika. Unaizungusha kwanza kwa mkono, kwa penseli, mbele hadi mwisho na kurudi. Kichwa cha radio kinasafishwa kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda moja, vinginevyo sauti inakuwa kama mtu anaimba akiwa ndani ya pipa. Halafu hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60. Unachomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye laptop, unafungua Audacity ambayo ni programu ya bure, unabonyeza rekodi, unakaa. Huwezi kuharakisha. Jumamosi moja ni kanda mbili, tatu tukijitahidi.

Na humo ndani ya kukaa ndimo kuna starehe. Mzee anasikiliza huku ananitafsiria, mimi naandika kwenye daftari. Nilidhani zote ni mapenzi. Wapi! Nyimbo kibao ni majina ya watu. Benga ina tabia hiyo: fulani mwana wa fulani wa kijiji fulani anasifiwa, mkewe anatajwa, mashemeji wanatajwa, mpaka unahisi uko kwenye kikao cha harusi. Nyingine ni misiba. Nyingine ni mafumbo, na hapo mzee anasimama kutafsiri, anacheka peke yake, halafu ananiambia, "Hii ngoja kwanza."

Amenifundisha pia kusikiliza. Besi kwenye benga haikai nyuma kwa adabu, inaruka ruka. Gitaa la solo linarudia kile mwimbaji alichosema, neno kwa neno, kama mtoto mtundu anayemwiga mama yake. Halafu mwishoni waimbaji wananyamaza, magitaa yanabaki yenyewe yanakimbizana, na hapo hata aliyekuja kuchaji simu tu anajikuta anatikisa bega. Mzee anasema uchezaji huo umetoka kwenye nyatiti, kinubi cha Kijaluo.

Siku moja nikamwekea kwenye simu mpigaji wetu wa iritungu, nilimrekodi kwenye harusi huko kijijini. Mzee akafumba macho. Akauliza, "Nyuzi ngapi hizo?" Nikamwambia nane. Akasema, "Nyatiti nane." Akanyamaza, akaendelea na kazi yake ya kuchomelea waya. Mimi nikabaki nimeduwaa. Watu wamechomeana nyumba, na kumbe kila mmoja ana kinubi cha nyuzi nane ndani.

Mzee simlipi hela, amekataa. Namlipa kahawa, na hapo tunaingia kwenye hobi yangu ya pili. Wengi hamjui kwamba vilima vya Tarime vinalima kahawa, arabika, tena nzuri. Nanunua kidogo iliyokobolewa kwa mama mmoja mkulima, naikaanga mwenyewe kwenye sufuria nzito, moto mdogo, mwiko hauachi kuzunguka. Inapasuka mara ya kwanza kama bisi, unahesabu dakika chache, unaipua na kuipepeta kwenye ungo uani. Majirani wamezoea moshi wangu. Zamani walikuwa wanakuja kuuliza nini kinaungua.

Hobi ya tatu ni ndege, wale wenye mabawa. Dada yangu kaolewa Mugumu, wilaya ya Serengeti, kwa hiyo sababu ya kwenda ipo. Unapita Nyamongo kwenye migodi ya dhahabu, unavuka Mto Mara, unafika upande wa pili ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Watalii wanakuja kutoka Ulaya kuona nyumbu wakivuka mto huo huo ndani ya hifadhi, kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba. Mimi navuka na basi, na sihitaji kulipa kiingilio kuwaona korongo taji wakitembea kwenye mashamba ya watu kama wenye nyumba, au hondohondo juu ya mwembe wa shemeji. Serengeti ina aina za ndege zaidi ya 500. Mimi kwenye daftari nina 63. Tuendelee kuombeana.

Ya nne ni drafti, nacheza na wazee nje ya duka la vifaa vya pikipiki. Wakifungwa wanasema nimebahatisha.

Sasa kuna jamaa mmoja, jina silitaji, tulikuwa tunafahamiana vizuri tu, mnanielewa. Mtu mstaarabu, ana kazi yake. Aliniuliza swali ambalo najua na nyie mmeshaulizwa: "Hivi hizi hobi zako zote zinakuingizia shilingi ngapi?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameshanipangia: kahawa niifungashe niibandike jina, ndege niwafungulie chaneli, kanda nizipandishe YouTube nipate watazamaji. Drafti peke yake ndiyo alishindwa kuipatia mpango.

Nilimjibu kwamba siku mzee wa Sirari atakapojua namtumia kutafuta watazamaji, hatanisimamishia tena wimbo kucheka. Na siku nitakapoanza kumuuzia mtu kikombe, nitaanza kuhesabu dakika za kukaanga. Yeye akaona sina malengo. Tumeachana salama, tukikutana sokoni tunasalimiana.

Lakini swali lake limenikaa, kwa sababu sisi vijana tumefikishwa mahali ambapo kupenda kitu bure kunaonekana ni uvivu. Ukipika vizuri, utaambiwa fungua mgahawa. Ukiimba bafuni, utaambiwa nenda studio. Hela naitaka, nani haitaki? Kopi za vyeti natoa kwa ajili ya hela. Ila zile kanda zimenipa kitu ambacho mshahara haukunipa: zimenikalisha na mtu ambaye nimekua nikiambiwa nisimwamini, tena kwenye kiti chake, nikinywa naye kikombe kimoja kimoja. Shangazi yangu aliposikia aliuliza, "Unatafuta nini kwa hao?" Nikamwambia, "Shangazi, namtafuta kaka yako." Hakusema tena. Wiki iliyofuata aliniuliza kama kuna wimbo ule wenye gitaa linalolia mwanzoni. Kumbe baba alikuwa anauweka jioni akisahihisha madaftari, mimi nikiwa mdogo mno kukumbuka.

Nina haraka lakini, na ndiyo maana naandika leo. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Waya nyembamba sasa namshikia mimi tochi. Mwanawe anayeishi Mwanza ameshasema Desemba anakuja kumchukua akatibiwe na akae huko huko, kibanda kitafungwa. Kanda zilizobaki ni 17, na nne kati ya hizo zimegandana vibaya, mzee amezitenga pembeni anasema hizo tuzifanye mwisho, asije akaziua mapema akakosa moyo wa kuendelea. Kurekodi naweza peke yangu sasa. Kutafsiri siwezi. Nimeanza kujifunza Kijaluo kwake, na ananicheka kwamba lafudhi yangu ni ya mtu anayefukuza ng'ombe.

Nawaomba kitu kimoja. Kama nyumbani kwenu, kwa babu, kwa baba mdogo, kuna boksi la kanda limekaa juu ya kabati au chini ya kitanda, msilichome. Liwekeni mahali pakavu, mbali na spika kubwa maana sumaku inaharibu. Halafu muulizeni mwenyewe, akiwa bado yupo, kwa nini alinunua ile ya kwanza. Mkishindwa kupata radio ya kuzichezea, ulizeni mafundi wazee wa mtaani kwenu, hao ndio wenye majumba ya makumbusho.

Jumamosi hii tuna kanda ya 25 na 26. Baba aliiandika moja "nzuri sana" kwa kalamu nyekundu, na kupigia mstari mara mbili, mtu ambaye kwenye ripoti yangu ya shule hakuwahi kuandika zaidi ya "ongeza bidii". Nataka nijue ina nini.