Dokta, Shika Funguo

Basi bwana, Jumamosi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nasubiri fundi anibadilishie kioo cha simu, mara nikaguswa bega. Kugeuka, rafiki yangu wa tangu sekondari! Siku hizi ni dokta, tena bingwa wa watoto. Nikamvuta mgahawani tunywe chai, nikitegemea kusimuliwa raha za ubingwa. Badala yake dada wa watu akaanza kutokwa machozi huku anapuliza chai.

Kumbe mwezi wa pili tu tangu aripoti kazini (kituo sikitaji, bado anakula hapo), alikabidhiwa idara nzima. Barua ya uteuzi, ofisi, na trei iliyojaa karatasi. Usiku mmoja wodini wakahitajika watoto wawili kuwekewa oksijeni, mtungi wenye gesi ukawa mmoja. Mingine yote stoo ilikuwa mitupu. Fomu ya kuomba ijazwe ilikuwa kwenye trei yake, imekaa siku tisa ikisubiri saini.

"Mtoto mmoja tulimpoteza," akasema. "Siwezi kukwambia ni oksijeni. Siwezi kukwambia pia kwamba siyo. Alikuja hali mbaya. Lakini ile fomu sikujua kama ni ya kusainiwa na mimi."

Nikakosa la kusema. Mwandishi mzima!

Hebu tuhesabu pamoja. Miaka mitano ya shahada ya kwanza, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu angalau mitatu ya kusomea ubingwa. Huyu kasoma pale Upanga, Muhimbili, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka tulipokuwa tumekaa. Shule ya udaktari imekuwepo Dar tangu 1963, na imetoa mabingwa wa kweli. Ukimuuliza rafiki yangu dozi ya mtoto wa kilo nne anakujibu kabla hujamaliza swali. Ila bajeti, ratiba ya zamu, muuguzi mwandamizi aliyemzidi miaka ishirini na hapendi kuagizwa na "katoto", hayo anasema aliyakuta mlangoni.

Sasa angalia Kariakoo. Hakuna Mangi anayempa mpwa wake funguo za duka siku anayoshuka basi. Dogo anaanza kwa kufagia na kubeba mizigo. Baadaye anahesabu stoo jioni, Mangi anahesabu tena nyuma yake. Miaka inapita ndipo anaachiwa droo ya hela, na siku ya kwenda Guangzhou kufuata mzigo anaenda na mwenyewe. Hiyo ni kwa duka la vitenge.

Na hospitali zikiharibika tunamtafuta nani? Kiongozi. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za uchunguzi hazifanyi kazi. Siku hiyohiyo bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, akateuliwa Profesa Lawrence Museru, daktari wa upasuaji wa mifupa. Tulishangilia wengi, mimi nikiwemo. Sikukumbuka kujiuliza madaktari wetu wanajifunzia wapi kuendesha hospitali. Tunawaokota wodini wakiwa tayari wamekomaa, au tunategemea wakomae kwa kuumia?

Mgomo wa 2012 nao una funzo lake. Ulianza Januari kwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo waliodai posho zao, ukasambaa, Februari ikabidi Waziri Mkuu Pinda aende mwenyewe kuzungumza nao, na viongozi wa juu wa wizara wakasimamishwa. Juni ukarudi tena, na Dokta Ulimboka akatekwa, akapigwa vibaya na kutupwa Mabwepande. Hilo la kutekwa lina uzito wake, silichanganyi na hoja yangu. Nasema tu kwamba vijana wale walijifunza kuongoza watu, kujadiliana na serikali na kuzungumza na sisi waandishi katikati ya moto, wagonjwa wakiwa vitandani.

Si kwamba haijawahi kujaribiwa. Miaka ya mwanzo ya 2010 ulikuwepo mpango wa Afya Bora, ulioshirikisha Muhimbili, Makerere, Nairobi, Botswana na vyuo vinne vya Marekani. Madaktari na wauguzi walisomea uongozi pamoja, darasa moja, kisha wakapelekwa kwenye taasisi kufanya kazi zenyewe. Hilo la kuchanganya na wauguzi ndilo limenivutia zaidi. Lakini walikuwa wachache, na ni masomo ya pembeni. Kanada wao wameuweka uongozi ndani ya sifa ambazo kila bingwa lazima awe nazo, na mwaka 2015 walibadilisha hata jina la sifa hiyo, kutoka "meneja" kuwa "kiongozi".

Nikamwambia rafiki yangu: basi iwe hivyo, kila anayesomea ubingwa apangiwe miezi kadhaa ya kukaa kwenye vikao vya dawa, kupanga zamu, kusaini fomu huku mkubwa anaangalia. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Unajua residenti analala saa ngapi wewe? Utamwongezea semina, atasinzia humohumo." Kweli. Semina ya slaidi na soda sioni itamsaidia nani. Lakini akaongeza, taratibu, kwamba mtu angemkalisha hata wiki mbili na yule mama wa stoo, angejua ile fomu ni nini.

Simu yangu ikawa tayari. Nilipomuuliza yeye Kariakoo amefuata nini, akafungua mfuko wa rambo akanionyesha kaunta buku, kwaya tatu, kainunua kwa hela yake. Ukurasa wa kwanza ameshaupiga mistari kwa kalamu: tarehe, mitungi iliyojaa, mitungi mitupu, saini.