Kuhesabu Wageni wa Kaskazi

Tulitoka Morogoro mjini alfajiri, mapema Desemba, mvua ya vuli ikiwa imenyesha usiku kucha. Bodaboda ilipogoma kwenye utelezi tukashika miguu, kupanda njia ya Morningside, kwenye jengo la kale la Wajerumani. Akina mama wa Kiluguru walikuwa wakiteremka na ndizi na mboga kichwani kuwahi soko. Sisi tunahema, wao wanasalimia.

Mwenyeji niliyepanda naye, mzee mkulima wa huko juu, alinikalisha kwenye mgongo wa mlima ulio wazi, uso kaskazini, mji chini yetu. Nyuma, kilele cha Lupanga chenye zaidi ya mita 2,100 kilikuwa kimejifunika ukungu. Nilikuja na daftari na darubini kuhesabu ndege wawindaji wanaohama.

Saa mbili, kimya. Tai na jamaa zake hawana haraka ya asubuhi. Husubiri jua lipashe miamba, hewa ya moto ipande iwabebe bure. Saa tatu akatokea mwewe. Nikapiga kistari. Akazunguka, nikapiga cha pili, kisha cha tatu. Mzee akacheka.

“Huyo ni yuleyule, mwanangu. Utamhesabu mpaka jioni?”

Akanionyesha mwamba upande huu na mti mkavu upande ule. “Anayekata hapo katikati kwenda kusini, mwandike. Anayezunguka ni wa hapahapa, mwache.”

Karibu saa tano kumbikumbi walianza kutoka ardhini, na wageni wakafika: kozi wa Amur, kundi zima. Ni ndege mdogo, gramu 150 hivi, miguu myekundu kama buni mbivu. Mmoja alipita karibu, akamdaka kumbikumbi kwa kucha, akamfikisha mdomoni bila kutua. Mabawa yakabaki hewani, yakishuka polepole.

Kozi hawa huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Hupitia India, kisha huvuka bahari zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, wakisukumwa na upepo wa kaskazi, uleule uliokuwa ukileta majahazi pwani yetu. Nilimsimulia mzee kwamba mwaka 2012 huko Nagaland, India, walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu ili waliwe. Kelele zikapigwa, wanakijiji wakaacha, na mwaka uliofuata baadhi ya ndege wakafungwa vifaa vya setilaiti vilivyowafuata hadi Afrika.

Mzee alimtoa kumbikumbi aliyenasa shatini. “Kumbe wametoka mbali hivyo kufuata kitoweo chetu,” akasema. “Basi wale. Watatubakizia.”

Saa nane ukungu ulitufukuza. Daftarini kulikuwa na kozi wa Amur 43, shakivale 6, tai 1, na ndege 11 nisiowatambua. Nilitamani kuwagawa hao 11 kwa wenzao, hesabu ipendeze. Nikakumbuka vile vistari vitatu vya mwewe mmoja, nikawaacha walivyo.

Ukitaka kuwaona, panda Novemba au Desemba, siku inayofuata mvua, uso kaskazini. Na kwenye daftari lako acha safu moja ya wale usiowajua. Bila safu hiyo, hesabu yako usiiamini.